Chembe za Hawa

Mounira huosha maiti za wanawake wa Kiislamu mtaani kwetu Kasongo, na kazi hiyo haifanyii mzaha. Akiingia nyumba ya msiba huwatoa wanaolia, hukagua ndoo za maji mwenyewe, halafu hufunga mlango. Unywele ukitoka na kitana, anauokota. Ukucha ukikatika, anautafuta hata chini ya mkeka, na vyote huvitia ndani ya sanda. Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akisema kwamba hakuna marehemu aliyetoka mikononi mwake akiwa pungufu. Sisi majirani tumemtania sana kwamba anapekua mikeka kuliko polisi, naye hajawahi kucheka.

Mdogo wake, Hawa, alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Aliolewa Kabambare, mume akafa mapema, hawakujaliwa mtoto. Kila mwaka baada ya kuvuna mpunga alikuja Kasongo kukaa kwa dada yake wiki kadhaa, akiongea tangu asubuhi hadi chakula cha jioni. Vyombo aliviosha akikumbushwa, ufagio hakuushika hata akikumbushwa. Mounira alimgombeza kila siku, na wiki ambayo Hawa alirudi Kabambare alimnunia kila mtu.

Katika ziara yake ya mwisho, pale kituo cha afya palikuwa na timu ya utafiti iliyotafuta watu wazima wasio na ugonjwa, watakaokubali kusuguliwa ndani ya pua. Hawa alienda. Sehemu yoyote yenye benchi na watu wa kuongea nao ilimfaa. Muuguzi mmoja, Ruphin, alimsomea karatasi ndefu, Hawa akaweka kidole gumba, halafu Ruphin akaingiza puani kijiburashi chembamba na kukizungusha. Hawa akampiga chafya usoni. Alirudi nyumbani na mche wa sabuni na hadithi ya kusimulia, lakini Mounira alikuwa anapepeta mchele, akamwambia hiyo sabuni aanze nayo kwenye masufuria.

Mwezi wa pili mwaka huu Hawa alishikwa na homa ya mapafu huko Kabambare. Habari ilifika Kasongo siku ya Jumanne kwa simu ya jirani: Hawa ni mgonjwa, anamwita dada yake. Jumanne hiyo kulikuwa na maiti mtaani. Mounira alisema ataosha kwanza, ataondoka kesho. Akaosha, akakagua mkeka, akarudi nyumbani kufunga mzigo. Jumatano pikipiki iliyombeba ilizama matopeni mara nne, na kwenye mto mmoja yeye na dereva walilala upande wa huku kwa sababu miti ya daraja ilikuwa imechukuliwa na maji. Alifika Alhamisi mchana. Hawa alikuwa amekufa alfajiri.

Wanawake wa Kabambare walikuwa hawajamgusa, kwa kuwa marehemu aliacha neno kwamba asioshwe na mwingine ila dada yake. Mounira akafunga mlango. Inasemekana hakutoa chozi. Aliokota nywele tatu na kipande cha ukucha, akavitia mahali pake, na kabla ya magharibi Hawa alikuwa amezikwa.

Arobaini ilikuwa imepita tayari Ruphin alipobisha hodi kwa Mounira. Alikuwa amekuja kumpa Hawa habari njema, na habari ya kifo aliipata pale pale mlangoni. Mwingine angetoa pole na kwenda zake. Ruphin, kwa kuwa ni mtu wa haki au kwa kuwa hana akili ya kukimbia, akaketi na kueleza.

Alisema kile kijiburashi kilikwangua chembe za pua, ndogo hata jicho halizioni. Zilisafirishwa siku ile ile kwa ndege hadi maabara moja ya Kinshasa. Huko zililishwa maji maalumu, zikaongezeka, zikatandazwa juu ya plastiki nyembamba yenye vitundu, chini maji ya lishe, juu hewa, kama zilivyozoea ndani ya mtu. Baada ya mwezi zikaota vijinywele, navyo vikaanza kusukuma makamasi na vumbi, kazi vinayoifanya katika njia ya hewa ya kila mmoja wetu. Ruphin akatoa simu akamwonyesha. Kulikuwa na kitu cha kijivu kinachocheza chote kwa pamoja, mfano wa shamba la mpunga upepo ukipita.

Ruphin alisema vijinywele hivyo vinafagia mchana na usiku bila kupumzika. Mounira alitazama muda mrefu, halafu akasema Hawa hakufagia hata siku moja. Ruphin alicheka peke yake.

Akaendelea kueleza kwamba virusi vya kifua humshika mtu tofauti na vinavyomshika panya, kwa hiyo ukitaka kujua vinapita mlango gani, na dawa gani inavifungia, ni afadhali uvitazame kwenye chembe za mtu. Zile za Hawa zimeshika vizuri kuliko za wengi. Ila karatasi inasema mwenye chembe ana haki ya kusimamisha kazi, na kwa kuwa Hawa hayupo na hana mtoto, neno ni la dada yake. Aseme waendelee au waache.

Katika maneno yote hayo Mounira alisikia moja tu, kwamba kuna kitu cha Hawa hakijazikwa.

Wiki iliyofuata alifariki mke wa Bakari mwenye duka, wakaja kumwita Mounira kama kawaida. Akasema watafute mwingine. Mtaa mzima ulishangaa, na mtaa wetu ukishangaa haunyamazi. Kuna waliosema macho yake yameisha, kuna waliosema amepata cheo kwa wazungu wa utafiti, ingawa hakuna mzungu aliyeonekana. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Hakuona angewezaje kukagua mkeka wa mwenzake ilhali wa ndugu yake hakuukagua vizuri. Alimwendea Mwalimu Assumani wa msikiti, na Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba Hawa alitoa mwenyewe akiwa hai na akili zake, wala hakuna kosa, si kwake wala kwa marehemu. Mounira alishukuru, akarudi nyumbani na uzito ule ule.

Basi Jumatatu moja akaenda kituo cha afya akamwambia Ruphin anataka chembe zirudi Kasongo azizike. Alikuwa na kipande cha bafta ya sanda ndani ya mfuko, akauliza kama kitatosha, maana hajui zina ukubwa gani. Ruphin hakucheka safari hii. Alisema zote pamoja hazifuniki ukucha wa kidole gumba. Akachukua karatasi ya kusimamisha, akaijaza pole pole, akamwelekeza mahali pa kuweka sahihi.

Mounira aliishika kalamu, kisha akataka kujua zitasafiri vipi. Ruphin akaeleza kwamba watazitia dawa kwanza ili zisimame, wazifunge ndani ya kichupa, kije kwa ndege.

"Zisimame namna gani?" akauliza.

"Zitakufa, mama. Hazifiki huku nzima."

"Kumbe haziyakufa."

"Haziyakufa. Na leo ziko zinafanya kazi."

Mounira aliweka kalamu juu ya meza. Ruphin, akidhani hakumwelewa, akaanza upya habari ya dawa na kichupa, lakini yeye akamkatiza.

"Nimesikia, muganga. Miye naoshaka mutu mwenye amekwisha kufa. Muzima sijue kumuzika."

Nje wagonjwa walikuwa wanakohoa kwenye benchi, pengine lile lile ambalo Hawa aliketi kusimulia hadithi zake. Kisha Mounira akauliza jambo ambalo halimo katika karatasi zote za Ruphin. Aliuliza, wakati wanapozitia ugonjwa, nani anakaa nazo.

Ruphin angeweza kumwambia kwamba chembe hazijui kama kuna mtu karibu. Alifikiri kidogo, akasema yupo binti wa maabara anayeitwa Julienne. Ndiye anayezibadilishia maji kila baada ya siku mbili, hata Jumapili, na zikitiwa virusi huja kuzitazama asubuhi na jioni. Nyingine hufa, nyingine hushinda. Mounira akaomba namba ya Julienne. Ruphin hakujua kama inaruhusiwa, lakini alimpa.

Aliniomba mimi nimpigie, kwa sababu simu yake ilikuwa haina moto, betri imekwisha, ndiyo maana nayajua haya. Tulikuwa uani kwake, jua la saa kumi. Nilidhani atauliza habari za kuzika, au atagomba, kwa kuwa kugomba anajua. Julienne alipoitika, Mounira alijitaja kuwa ni dada mkubwa wa Hawa wa Kabambare. Julienne akauliza Hawa yupi. Nadhani yule binti hakuwahi kusikia jina hilo, maana huko Kinshasa chembe huandikwa namba tu. Mounira akamweleza ni zipi, zile za mwanamke wa Kasongo zilizoshika vizuri, na Julienne akazikumbuka mara moja.

"Leo zimekula?" Mounira akamuuliza.

Julienne akamwambia ndiyo, amezibadilishia maji leo asubuhi, na ziko vizuri. Mounira akaniangalia kama mtu aliyepoteza njia. Akarudisha simu sikioni.

"Mwanangu, alipokuwa mugonjwa aliniita. Nilibaki kuosha mufu wa watu, nikafika kwake nikakuta amekufa. Weye uko naye muzima. Usimuache peke yake."

Halafu akalia, kilio kikubwa, kile ambacho Kabambare walikingojea na hakukitoa. Nilitaka kuichukua simu, sikuweza kuitoa mkononi mwake. Na Julienne, mtoto wa watu ambaye hatumjui, hakukata. Alibaki akisema ndiyo mama, ndiyo mama, niko naye, mpaka salio langu likaisha.