Mkono Ambao Sikuuinua

Mwanangu, kila nikiona mtu anainua mkono kanisani au mkutanoni, iko siku moja inanirudia. Leo nitakusimulia, maana juzi nilikusikia ukizihesabu alama za mwenzako kuliko unavyozihesabu zako, nikajiona mwenyewe nikiwa kijana.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nasomea ualimu kwenye misheni moja karibu na Iringa mjini. Kwetu ni Ilomba, Mbeya, ambako enzi hizo kulikuwa mashamba ya mahindi na maharage tu. Padri aliyetufundisha hesabu ndiye aliyetuletea mpira wa kikapu, na kwa vile alikuwa mtu wa hesabu, hakutuacha tucheze hivi hivi. Alikaa pembeni na daftari lake, akiandika pointi alizofunga kila mmoja, pasi alizotoa zikazaa kikapu, na makosa aliyofanya. Jioni bwaloni alijumlisha pointi na pasi, akatoa makosa, kisha akasoma hesabu ya kila mtu mbele ya chuo kizima.

Fulana zetu hazikuwa na namba. Basi sheria ilikuwa hii: refa akipuliza filimbi, aliyefanya kosa anainua mkono mwenyewe ili padri amwandike. Ukifikisha makosa matano, unatoka nje.

Kulikuwa na kijana wa Kalenga jina lake Kasiani. Tulilala bweni moja, tukala meza moja. Nilimwonea wivu, mwanangu, tena wivu mbaya, wa kunifanya chakula kisishuke. Mimi nilikuwa mfungaji, lakini mpira niliofunga ulitoka kwake, na watu walimshangilia yeye. Zaidi ya hayo, baba yake alikuwa akija kwa miguu kutoka Kalenga kila tulipocheza, na kibuyu cha togwa na mahindi ya kuchemsha. Wangu alishafariki, na mama yangu alikuwa Mbeya. Nilikula mahindi ya mzee yule huku moyo ukiniuma kwamba si baba yangu.

Siku moja vijana wa Mbeya walikuja kucheza nasi. Padri alitangaza kwamba atakayeongoza kwenye daftari siku hiyo ndiye atakuwa nahodha tutakapokwenda Mbeya kurudiana. Nahodha, mbele ya mama yangu! Niliutaka ule unahodha kuliko cheti cha ualimu.

Nilicheza huku nahesabu, na nilihesabu vya Kasiani kuliko vyangu. Mwishoni nilikuwa na pointi kumi na mbili, pasi mbili, makosa matatu. Kasiani alikuwa na pointi nane, pasi saba, makosa manne. Piga hesabu mwenyewe. Tulikuwa tumelingana, kumi na moja kwa kumi na moja.

Zilibaki dakika mbili, tunaongoza kwa pointi moja. Kijana mmoja wa Mbeya akaruka kufunga. Mimi na Kasiani tukaruka naye, nami nikamsukuma mgongoni, akaanguka. Filimbi ikalia.

"Nani?" akauliza refa.

Nikaangalia chini. Nikijitaja, nabaki na kumi na unahodha unakwenda kwa Kasiani. Refa akauliza tena, akasema asipojitokeza mtu atawapa wenzetu mtupo mmoja wa adhabu zaidi. Mkono wangu ukabaki pajani.

Kasiani akanitazama. Halafu akainua wa kwake.

Lilikuwa kosa lake la tano, akatoka. Na unajua nilijisikiaje? Si aibu, aibu ilikuja baadaye. Nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba amekuwa mwema mbele za watu mahali niliposhindwa mimi. Yule kijana wa Mbeya akatupa mitupo yake miwili, yote ikaingia. Dakika zilizobaki nilisimama mahali pangu pa kufungia nikisubiri pasi, na haikuja, maana mtoaji wake alikuwa amekaa nje. Tukafungwa kwa pointi moja.

Baada ya mchezo baba yake Kasiani akaniita.

"Kamwene, baba," nikamsalimia.

"Kamwene. Mchezo wenu mimi siujui," akasema, "ila nilikuwa nimesimama karibu na mlingoti wa kikapu. Aliyemsukuma yule mtoto ni wewe."

Nikajifuta jasho kwa fulana.

"Simwambii padri. Mkono ni wako, siwezi kukuinulia." Akatoa hindi moja kwenye mfuko wake, akanipa. "Haya, kula. Umechoka."

Sikuweza kulila. Jioni padri akasoma: mimi kumi na moja, Kasiani kumi. Bwalo likapiga makofi, na Kasiani akapiga pia. Hapo napo ningeweza kuinua mkono, lakini sikuuinua.

Tukaenda Mbeya na lori, mimi nahodha. Mama alikuja, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mchezo ulipoisha akamshika Kasiani mikono yote miwili. "Mwanangu ameandika kwamba wewe ni rafiki yake," akamwambia. "Asante kwa kumtunza huko ugenini." Kasiani akajibu, "Yeye ndiye ananitunza, mama." Nikaenda nyuma ya lori, nikalia.

Tuliporudi nilitembea hadi Kalenga. Nilimkuta mzee akipalilia. Nikasimama mbele yake nikainua mkono. Akaweka jembe chini.

"Mbona umechelewa hivyo?" akasema. "Si kwangu. Nenda kwa padri, na Kasiani awepo."

Nilikwenda. Padri akafungua daftari bila kunigombeza, akafuta kumi na moja yangu akaandika kumi, akafuta kumi ya Kasiani akaandika kumi na moja. Kasiani akasema yamekwisha. Lakini ule ulikuwa mwaka wetu wa mwisho, na mchezo mwingine haukuwepo. Daftari lilirekebishwa, ila Kasiani hakuwahi kuwa nahodha hata siku moja, wala baba yake hakumwona akitangulia mbele ya wenzake.

Mwanangu, sikwambii usione wivu. Mimi mzee huyu bado unanijia. Ninalokuomba ni hili: ukianza kuhesabu vya mwenzako, jua uko karibu kumdhulumu, na huenda ndiye anayekupa mpira. Na ukikosea, inua mkono palepale, mchezo ukiwa bado unaendelea, wakati kukiri kwako kunaweza kumfaa mtu.

Mungu akupe mkono mwepesi kuliko wangu. Akupe rafiki kama Kasiani, na akujalie umtambue mapema.