Mandazi Moja ya Bathidei

Desemba jirani akikaanga mandazi, harufu ya iliki huingia kwangu bila hodi, na siwezi tena kukaa. Nazunguka sebuleni kama mtu aliyepoteza funguo.

Narudi utotoni, kwenye jiko letu la makaa kule mtaani Migosi. Kesho tunasafiri nyumbani kijijini, Pap Onditi, kwa Krismasi. Mama anakaanga mandazi ya kujaza ndoo, na ndoo ni ya wageni; mtoto haigusi. Leo ndiyo siku niliyozaliwa, na hakuna aliyeitaja. Nimepita mlangoni mara kadhaa, nikikohoa.

"Mama, nipe moja. Ya bathidei."

"Utakula Krismasi na wenzako."

"Basi tuhamishe bathidei. Iwe Aprili."

"Aprili tunapanda mahindi."

"Agosti?"

"Agosti ni ya matanga. Toka kwa moshi."

Nikashuka bei. "Basi nusu. Nipe hiyo iliyopinda, hata mgeni hataitaka."

Mama akaacha kugeuza mandazi, akanitazama.

"Nyathina, mwanangu, uchungu wako ulinishika nikiwa hapa hapa, mafuta yakiwa motoni. Nikakimbizwa hospitali. Mandazi zote ziliungua."

Sikuwa nimewahi kuambiwa hilo.

"Sasa Krismasi hiyo wageni walikula nini?"

"Walikunywa chai kavu, wakikuangalia wewe."

Akafunua ndoo, akairuka ile iliyopinda, akanipa kubwa kuliko zote. Niliila nimesimama, inaniunguza ulimi, kabla hajabadilisha mawazo.