Mbu wachache wa kiangazi Yaeda Chini walivyomchukua mdogo wangu

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Ninaloandika limetokea nyumbani kwetu Mbulu, sijaongeza chumvi. Mniwie radhi nikiandika ovyo, bado linauma.

Sisi tunakaa juu kwenye baridi, mbu si habari yetu. Kiangazi majani yakiisha tunashusha ng'ombe bondeni, Yaeda Chini. Mwaka jana alishuka mdogo wangu Paskalina na mume wake.

Neti walikuwa nayo. Wakaitumia kufunikia vifaranga. Msimcheke, wengi wetu tukiwa bondeni kiangazi tunafanya hivyohivyo, maana mbu wanabaki wa kuhesabu.

Nilipompigia simu akanijibu, "Kaka, mbu wenyewe wako wapi? Nimeona mmoja tu, tena amechoka huyo!"

Tukacheka.

Akarudi juu, haukupita muda homa ikampanda. Mama akasema ni nimonia, huku hakuna malaria. Majirani nao wakasema ni baridi. Tukamfunika mablanketi, tukampa chai ya tangawizi. Tunamfikisha hospitali, alikuwa hatutambui tena. Wakampima, kumbe ni malaria.

Paska akafa, wakuu. Ameacha mtoto ambaye hata kutembea bado anayumba.

Kiangazi hiki nikapata kibarua cha kukamata mbu kwa watafiti waliokuja bondeni. Mbu anamulikwa kwa mwanga maalumu, mashine inasoma kemikali za mwili wake. Kumbe zinabadilika kadiri anavyozeeka, ndivyo inavyokisia umri wake.

Nikauliza, sasa umri wa mbu wa nini? Dada mmoja mtaalamu akanieleza kwamba mbu mchanga haambukizi malaria. Akimnyonya mgonjwa, vimelea vinahitaji siku nyingi kukomaa ndani yake, na mbu wengi hufa kabla. Anayeambukiza ni aliyeishi sana.

Na tuliowakamata, wachache kweli, wengi mashine ilisema ni wazee.

Nilikaa chini nikalia kama mtoto.

Nilipomweleza mama akasema, "Huyo mbu mzee, mbona hakunitaka mimi mzee mwenzake?"

Jamani, uchache wa mbu usiwadanganye. Kiangazi laleni kwenye neti, na aliyetoka bondeni akishikwa homa apimwe siku hiyohiyo.

Aliyepitia kama haya aandike hapa chini, nitasoma yote. Ila kama una ndugu yuko bondeni na ng'ombe sasa hivi, acha kwanza kukomenti, mpigie.