Ndege Hawa, Ndege Hizi

Jirani yangu Andati alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana ya reli, na tuliishi ukuta kwa ukuta pale Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli. Wiki nzima macho yake yalikuwa nyuma ya kioo cheusi. Labda ndiyo sababu, akipata likizo, alitaka kuona rangi. Alinunua darubini kuukuu soko la mitumba la Gikomba akaanza kufuata ndege. Jambo hilo lilinishangaza, maana ndege niliyemjua vizuri mimi ni kuku, na nilidhani Waluhya wote kama yeye, kwa walivyo wapenzi wa kuku mezani, wako upande wangu.

Kwetu ni Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, kwa hiyo kila nilipokwenda kumwona mama, Andati alinifuata. Haukupita muda akayajua mazingira yetu kuliko mimi mwenyewe. Penye daraja, mdiria hutua juu ya waya na kuvizia samaki. Msitu unapoanza, hondohondo hupiga kelele mitini kama walevi. Chini zaidi, mto unapotanuka kwenye matope, makundi ya korongo hushuka asubuhi.

Hapo penye korongo ndipo tulipokamatwa, Oktoba 1982. Sijui tulikuwa na akili gani. Ndiyo kwanza wanajeshi wa anga walikuwa wamejaribu kupindua serikali mwezi wa Agosti. Kambi yao moja ilikuwa Nanyuki, si mbali na kwetu, na sisi tumelala kifudifudi majanini na darubini. Askari wawili walitutoa hapo kwa mtutu wa bunduki, wakatupeleka kwenye kizuizi chao darajani. Mkubwa wao alikuwa sajini mmoja mrefu, mtu wa Lamu. Akatuuliza tulikuwa tukifanya nini.

"Tunaangalia ndege, afande," Andati akasema.

Uso wa sajini ukabadilika. Akauliza ndege gani.

Sasa, Kiswahili cha Andati kilikuwa cha Muthurwa, na Muthurwa hatuna muda wa ngeli.

"Hizi kubwa, afande. Asubuhi zinatoka huko Nanyuki, zinazunguka hapa juu, halafu zinashuka."

Siku zile mtu angeweza kupotea kwa maneno machache kuliko hayo. Nilitaka kumrekebisha, lakini askari mmoja alikuwa tayari ameshika pingu.

Sajini alimkazia macho Andati, kisha akauliza polepole, "Hizo ndege zako, zataga mayai?"

Andati akalifikiria swali hilo kwa dhati. "Zinataga, afande. Lakini huku sijaona kiota."

Sajini akacheka mpaka akavua kofia. "Basi sema ndege hawa, ndugu yangu. Hizi ni za serikali."

Akaiomba darubini. Andati akamwonyesha mdiria kwenye waya, na ndege huyo akajitosa majini na kuibuka na samaki. Sajini akaishusha darubini. Kisha akasema kwamba tangu Agosti anasimama juu ya mto huu, na hajawahi kuutazama ila kwa kutafuta watu.

Alituruhusu twende. Nilitembea mbio bila kugeuka, moyo mwepesi, nikicheka peke yangu njiani. Nilipomwita Andati hakuitika. Alikuwa bado darajani, akimwelekeza sajini mahali hondohondo wanapokaa, na sajini akiuliza aje saa ngapi kuwaona. Nikarudi, nikaketi kando ya barabara kumngoja. Sikuwa na haraka tena.