Kobe Aliyenyimwa Kiti

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi, hapa hapa Bankstown, huku Australia, mama mmoja wa Kikongo alisimama katikati ya sebule yangu akakataa kukaa. Mkoba begani, kitenge chake cha kanisani bado kimenyooka, na mimi nimeshika kiti kwa mikono miwili nikimsogezea. "Karibu kiti, mama," nilimwambia, nikarudia tena, na kila nilivyozidi kumkaribisha ndivyo alivyozidi kunitazama kama mtu aliyefumania mwizi. Kwetu pwani, mwanangu, mgeni akikikataa kiti chako amekutukana. Siku ile nilistahili tusi lile, na kubwa kuliko lile.

Nilikusudia kufa na habari hii. Lakini juzi, katika kundi letu la simu, kijana mmoja wa Doonside alituma picha ya kobe wa maji ndani ya beseni la kufulia, na chini yake ameandika: "Anatolewa bure, na beseni lake juu. Ananuka. Anayemtaka aje, mwisho Jumamosi." Ananuka! Nani asiyenuka akiwekwa siku nzima ndani ya choo chake mwenyewe? Na wenzake wakaanza kucheka. Mmoja akasema apikwe supu. Mwingine akasema, "Si umtupe tu mtoni, atajipanga." Nikaiweka simu chini. Hasira yangu haikuwa juu ya vijana wale peke yao. Nililitambua lile beseni, maana na mimi nilikuwa nalo. Langu lilikuwa la kioo tu.

Basi sikiliza, wewe uliyemo kundini, na unistahimilie, mzee hasimulii kwa haraka.

Wakati ule nywele zangu zilikuwa nyeusi na nilifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala. Binti yetu Mwanaidi alikuwa na miaka saba, hana ndugu, na kila jioni alikuwa akiomba kiumbe cha kufuga. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mwaustralia mtu mzima, alikuwa akizalisha kobe wa maji nyumbani kwake, wale wenye shingo ndefu kama nyoka. Akakubali kunipa mmoja, kwa sharti nipate kwanza kibali cha serikali. Nikakipata. Siku ya kunikabidhi alinisimamisha nje ya ghala akanieleza: tangi liwe pana, maana huyu mdogo atakua, maji ya bomba yasitiwe hivi hivi, pawe na mashine ya kuchuja, na pawe na mahali pakavu, juu ya maji, penye taa ya joto na taa ya miale kama ya jua. Lile la mahali pakavu alilisema, akalirudia.

Nikacheka moyoni. Mimi mzaliwa wa Tanga, niliyekua nikiona kasa wakivutwa na nyavu, nifundishwe na mtu wa bara hili jekundu? Kasa ni wa majini, na huyu ni kasa mdogo, basi maji ndiyo nyumba yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu yote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, lakini kidato hakifundishi mtu kunyamaza akasikiliza. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibiwa ukakataa.

Nikanunua tangi la kioo, nikalijaza maji ya bomba mpaka ukingoni. Chini nikamwaga vikokoto vya rangi, vyekundu na samawati, na kati yake nikasimamisha mnazi wa plastiki, ili kobe aone kwetu kulivyo. Nikaliweka kando ya televisheni, kila aingiaye alione kwanza. Mwanaidi akampa jina Shingo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mimi nilijenga mlango mtupu.

Kisha Shingo akaanza kukwaruza kioo. Asubuhi anakwaruza, jioni anakwaruza, amesimama wima ndani ya maji, makucha yake yanaparura juu na chini, juu na chini. Wageni wakiuliza, "Ana nini huyu?" nikawajibu, "Anawasalimu." Wakacheka. Wengine wakampungia mkono. Mwanaidi naye akazoea kumwamkia akirudi shule, anapunga na Shingo anakwaruza, na mimi nakaa kwenye kochi nimejaa furaha ya mfalme.

Miezi ikapita. Mwanaidi, ambaye kama watoto wengi wa hapa alielewa Kiswahili chote na kujibu chote kwa Kiingereza, akaniambia kobe amechoka. Nikamwambia kobe hachoki. Akaniambia anaogelea upande. Nikamwambia anacheza. Mke wangu akasema gamba lake limekuwa laini kama ukucha uliolowa, nikamwambia ni mtoto bado, litakomaa. Unaona, mwanangu? Watu watatu walikuwa wamekwisha kuniambia, ukimhesabu na yule wa ghalani, na wa nne ni kobe mwenyewe aliyekuwa akipiga hodi kwenye kioo kutoka ndani.

Mama Rejina ndiye aliyekuwa wa tano. Alikuwa jirani yetu wa chini, mjane aliyetokea upande wa Uvira kule Kongo, aliyemwangalia Mwanaidi baada ya shule mpaka mama yake atoke kazini. Mara zote sisi ndio tulioshuka kwake. Jumapili ile mke wangu akamwalika apande kwetu baada ya ibada, ale pilau, na ndipo likatokea la kiti.

"Mama, umekasirika na nini?" nikamuuliza.

Akanyoosha kidole kwenye tangi. "Ule munyama anakaa wapi?"

"Anakaa majini."

"Mu maji anaogelea. Mi nakuuliza anakaa wapi."

Nikatabasamu, nikamwambia kwa upole wa mtu anayejua, "Huyu ni wa majini, mama. Sisi kwetu baharini tunawajua. Angalia, anakusalimu."

"Salamu?" Akacheka kicheko kikavu. "Papa, mi nimezaliwa kando ya ziwa. Kobe ya ziwa nimeiona maisha yangu yote. Asubuhi, yote inapanda juu ya jiwe, inaota jua. Ule hasalimie mutu. Anaomba fasi ya kupanda."

"Ana chakula kizuri, ana maji safi."

Hapo ndipo alipowaka. Sijasahau sauti yake, kwa sababu haikupanda, ilishuka. "Mi nimekaa mu kambi miaka mingi, papa. Chakula ilikuwako. Maji ilikuwako. Fasi ya kukaa na kusema hapa ni kwangu, ile ndiyo haikuwako. Usinifundishe hii kitu. Mugeni wa kwanza kuingia mu nyumba hii, ule kobe, hajapewa kiti mpaka leo, na weye unanipa mi? Sitakaa."

Na hakukaa. Mke wangu akamsihi. Pilau likaanza kupoa. Na mimi, ulijue hili usije ukanisifu kwa mengine, mimi nilikasirika. Nilisema moyoni, mwanamke huyu ameingia nyumbani kwangu kunivunjia heshima mbele ya mtoto wangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimesimama pale na guu limekwisha kuvunjika, najifanya nacheza.

Ndipo Mwanaidi, aliyekuwa amesimama kando ya tangi, akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili, tena kilichonyooka, kama amekiweka akiba kwa siku ile:

"Baba, ulisema anatusalimu."

Hakulia. Ila mtoto anapokutazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kudanganya, hata fimbo ya mzazi haijapata kuumiza vile.

Mke wangu akaenda jikoni, akarudi na chungu chake, kile cha kupikia mchuzi wa samaki alichokileta kutoka Tanga amekifunga ndani ya kanga zake ili kisipasuke. Tulikuwa na sufuria chungu nzima, lakini yeye alichukua kile. Akaniambia, "Punguza maji." Nikachota kwa kikombe, ndoo baada ya ndoo, nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia mbele ya mgeni, mpaka maji yakafika nusu. Akakifudikiza chungu ndani ya tangi, mgongo wake ukatokeza juu ya maji. Nikasogeza taa ya mezani, ikamulika pale.

Shingo alikizunguka. Akateleza, akateleza tena. Kisha akapanda. Akatulia, akanyoosha shingo yake yote, akanyoosha miguu ya nyuma kama mtu aliyevua viatu baada ya zamu ndefu, akafumba macho. Kule kukwaruza, ambako masikio yetu yalikuwa yamekuzoea kama saa ya ukutani, kukakoma.

Mama Rejina akavuta kiti, akaketi. "Basi," akasema, "lete ile pilau."

Usidhani habari iliishia kwa pilau. Daktari wa wanyama, kesho yake, alituambia kobe ana maji kwenye mapafu na gamba lake limekosa jua na chokaa ya mifupa. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama yule aliyenipa hakunieleza. Nikamwambia alinieleza. Akaandika dawa. Shingo alipona mapafu, lakini gamba lilikomaa likiwa limebonyea upande wa kushoto, na hivyo ndivyo lilivyo hadi asubuhi ya leo. Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu nimemlea mwenyewe, nimemlisha kwa mkono wangu, na kila siku namwona akipanda juu ya chungu kile.

Sasa ninyi vijana, na wewe wa Doonside kwanza. Usiniambie hukujua. Mimi nilikuwa na mtu mmoja wa kunieleza nje ya ghala. Wewe una dunia nzima kwenye simu ileile uliyoitumia kutangaza kwamba ananuka. Usiniambie kobe ni mdogo, beseni linamtosha. Mjengee yule atakayekuwa, si huyu aliyeko leo, kwa maana atafikia ukubwa wa sahani ya mezani, na atataka nafasi ya kuogelea na kugeuka. Usiniambie umemweka dirishani ana jua. Kioo cha dirisha kinapitisha mwanga na kuzuia ile miale inayokomaza gamba. Nunua taa yake, na uibadilishe kwa wakati, kwa kuwa huchoka kabla haijazimika, kama sisi wazee. Juu ya mahali pake pakavu pawe na joto, na pawe imara, apande bila kuhangaika. Vikokoto vya rangi vitupe, atavimeza. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini kwanza, na mashine ya kuchuja iwe na nguvu kuliko unavyodhani inahitajika. Ukisafisha, usimwage maji yote ukasugua kwa dawa ya choo kama unafuta kosa; badilisha sehemu, acha sehemu. Mlishe majini, kwa sababu nje ya maji hawezi kumeza: samaki wadogo wazima na mifupa yao, wadudu, nyungunyungu. Nyama ya kusaga ni uvivu wako, si chakula chake. Na baada ya kumshika nawa mikono, wewe na watoto.

Na habari ya mtoni, ole wako. Kobe aliyelelewa ndani ya nyumba hakujui huko, na maradhi aliyoyapata kwako atawapelekea waliomo. Wala usimgawe bure kwa wa kwanza atakayebisha hodi. Mpe mwenye kibali, na kabla hujampa mwulize swali moja la Mama Rejina: atakaa wapi? Akikujibu "majini", mfungie mlango.

Mama Rejina alikwisha kutangulia mbele ya haki. Tulipomzika, Mwanaidi alikuja kutoka mbali anakofanya kazi, na kabla hajaniamkia mimi alikwenda kwenye tangi. Alisimama pale kitambo. Hakupunga mkono. Tangu Jumapili ile hajampungia tena kobe yule, na mimi sijawahi kumwuliza kwa nini.

Kijana wangu, tangazo lako lilitoa muda mpaka Jumamosi. Sawa. Jumamosi hiyo nitapanda treni mpaka Doonside, na ndani ya mfuko wangu kutakuwa na taa, na jiwe bapa nililolichagua mwenyewe. Utanikaribisha kiti, najua, mama yako alikulea vizuri. Sitakaa. Nitasimama hapo mlangoni na magoti yangu haya mabovu mpaka yule wa kwanza awe ameketi. Ikiwa humtaki tena, tutamtafutia mwenye kibali pamoja, lakini hatoki ndani ya beseni kwenda beseni jingine.

Mwenyezi Mungu akupe, mwanangu, nyumba yenye nafasi, na moyo wenye nafasi kuliko nyumba. Akupe sikio linalosikia kabla mtoto wako hajalazimika kukuambia. Na popote utakapofika ukiwa mgeni, hapa duniani na huko tuendako, usisimamishwe. Wakuone, wakusogezee kiti, wakuambie kaa, hapa ni kwako. Amina.