Karatasi ya Damu ya Masalu

Mdogo wangu Masalu ni mkweli, na ukweli wake umenichosha. Tunauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kwa miaka minne mgongo wake ulikuwa ukikaza kila alfajiri kama ubao. Akishapanga magunia kwa saa mbili, unalegea. Ndugu wakamwambia apumzike. Akalala mwezi mzima, akazidi kupinda. Nikamburuta kwa daktari, ndipo tukaelezwa: kinga ya mwili wake inashambulia viungo vyake mwenyewe. Damu yake ina alama ya kurithi inayomweka mtu karibu na ugonjwa huo. Ameze dawa, afanye mazoezi, asilale ovyo.

Kwa ubishi nikapimwa nami. Alama ninayo. Nina miaka hamsini na miwili, na gunia najitwisha mwenyewe.

Mwezi uliopita tulivuka ziwa pale Busisi kwenda Sengerema kupanga mahari ya Hellen, mchumba wa Masalu. Baba yetu hayupo, na wajomba wetu hawajui kubishania hata nyanya, kwa hiyo msemaji nilikuwa mimi.

"Leo huna mdomo," nikamwambia Masalu. "Bwana harusi haongei."

"Sawa, dada."

Nilimshusha baba yake Hellen, mzee Mashimba, kutoka ng'ombe ishirini hadi kumi na wawili. Mzee aliponyoosha mkono tumalize, Masalu akasimama na karatasi ya hospitali.

"Baba, nisikufiche. Nina ugonjwa wa mgongo. Umo kwenye damu."

Mkono wa mzee ukarudi mapajani.

"Hauambukizi," nikawahi.

"Unarithiwa?"

"Alama ndiyo inarithiwa. Wengi wenye alama hawaugui. Mimi ninayo, nitazame."

Akanitazama. "Wewe mama una mgongo wa punda."

"Basi huenda wajukuu zako wakaupata huo."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Nani ananihakikishia?"

"Hakuna. Na ukoo wako umeupima? Ng'ombe mnamwangalia meno. Damu yake nani anaijua?"

Mzee akamwita Hellen. "Umesikia habari ya huyu? Nikiivunja posa leo, hakuna atakayekulaumu."

"Naijua tangu mwaka jana, baba. Usiivunje. Mimi ndiye ninayemnyoosha mgongo kila asubuhi."

"Kila asubuhi," mzee akarudia polepole. "Si unaishi Mkuyuni kwa shangazi yako?"

Shangazi mtu, Paskazia, akaanza kuutazama mkeka kama aliyeangusha sindano. Mimi nilifumba macho. Nusu siku ya kubishana, na hawa wawili hawakuweza kunyamaza dakika kumi.

Mzee hakupandisha sauti. Faini ya bwana harusi kuongea, ng'ombe mmoja. Faini ya asubuhi za Hellen, wawili. Jumla kumi na tano.

"Wawili wa asubuhi tuzungumze," nikasema.

"Mama, zungumza na mdogo wako. Binti namtoa. Ila huyu kijana amekaa sana, mgongo utamkaza. Ainuke azunguke zizi, ajionee ng'ombe walivyo, aniletee wa kufanana nao."

Masalu akainuka, akaenda akitabasamu.