Nilifuta mfumo wa kompyuta nikitegemea fibre, wakati CD zangu zote zinafukuza ndege Kibumba

Wakuu, salamu kwenu nyote wa jukwaa hili.

Nimesoma ule uzi wa juzi ambapo mwenzetu mmoja aliandika kwamba mtu anayetunza CD za kuinstall kompyuta hadi leo apelekwe makumbusho. Nilicheka. Halafu nikakumbuka yangu, nikaacha kucheka.

Nitasimulia lilivyotokea, pamoja na sehemu ambazo mjinga ni mimi. Hizo ni nyingi, kwa hiyo msiwe na haraka ya kunitukana, nafasi mtapata.

Niko Goma, mtaa wa Himbi. Natengeneza kompyuta katika chumba kimoja nilichopanga, meza mbili na dirisha. Kiswahili chetu cha huku mtakisikia pale watu wanapoongea, mnivumilie.

Nilipoanza kazi hii hatukuwa na cha kudownload. Intaneti ilikuwa ya kusoma barua pepe, tena kwa kuombea. Fundi alijulikana kwa pochi yake ya CD. Mwenye CD nzuri alisalimiwa kwa adabu, na mwenye tabia ya kuazima bila kurudisha alijulikana mji mzima.

Mimi pochi yangu ilikuwa imejaa mpaka zipu haifungi.

Kisha fibre ikafika mtaani, mwenye nyumba akatuvutia waya. Wakuu, siku ya kwanza nilishusha mfumo mzima nikiwa nakunywa chai. Nilijiona mtu wa Ulaya. Kuanzia hapo CD zikawa kama sare yangu ya shule ya msingi, kitu cha kumwonea mtu huruma.

Sasa, mama yangu analima Kibumba, njia ya Rutshuru. Kila msimu anagombana na ndege kwenye mtama. Nikambebea CD zote azitundike shambani, maana zikipigwa na jua zinamulika na ndege hawapendi.

Mama hafanyi kazi nusunusu. Aliona CD ina upande mmoja tu unaong'aa, na mwingine una maandishi. Akapika uji mzito wa unga wa muhogo, gundi ileile wanayobandikia matangazo kanisani, akazibandika mbili mbili mgongo kwa mgongo ili zing'ae kotekote. Pembeni akazungushia nta ya mshumaa, mvua isipenye.

Shamba lilimetameta kama harusi. Akaniambia, "Mwana wangu, njo hapa masomo yako imetumika." ("Njo" yetu ni "ndiyo" yenu.)

Tuliishi hivyo vizuri tu.

Sasa njooni kwa Papa Bahati. Huyu ni mzee wa Kibumba, katibu wa ushirika wa wakulima, mtu mpole, koti moja la kijivu. Jumamosi moja alinijia Himbi na laptop ya ushirika kaifunga kwenye kitenge.

Lazima niwaeleze kilichokuwamo, vinginevyo hamtaelewa kwa nini nilikosa usingizi.

Watu wa kule wamekimbia vita na kurudi, wakakimbia tena na kurudi tena. Kila wakirudi, mpaka wa shamba umesogea. Mpaka wenyewe ni miyenzi, kichaka chenye utomvu mweupe kinachopandwa mstari. Ukikata tawi ukalichomeka hatua tano mbele linashika, na baada ya mwaka mmoja utaapa kwamba limekuwa pale tangu babu yako. Watu wameuana kwa ajili ya hatua tano.

Papa Bahati akabuni dawa yake. Majirani wawili wanasimama mpakani, kila mmoja ameshika muyenzi wa mpaka huo kwa mkono, anawapiga picha. Anaandika majina, anahesabu hatua, wote wanakubali mbele ya mashahidi. Alitembea vilima kwa miaka kadhaa akifanya hivyo.

Picha zote na orodha yote vilikuwa ndani ya laptop ile. Hapakuwa na kopi.

Kilichomleta kwangu ni ujumbe. Kila akiwasha, kompyuta inamwambia kwamba toleo lake linaachwa, aweke jipya.

"Mashini inasema itakufa," alisema. "Na mipaka ya batu yote iko ndani."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nitamshushia toleo jipya.

"Hauna ile CD ya kuweka?"

"Papa, CD ni ya zamani. Sasa tunavuta ku internet."

"Na internet ikikatika?"

"Haikatike. Iko fibre."

Nililisema hilo nikiwa nimekaa, mguu juu ya mguu. Mzee akanishukuru, akapanda pikipiki akarudi kwao.

Mafaili yake yalikuwa kwenye sehemu ya pili ya diski, sikuyagusa. Ila sehemu ya mfumo niliifuta. Nilitumia flash yangu yenye installer ndogo, ile ambayo yenyewe ni kama mlango tu: inafuta cha zamani, halafu inavuta vipande vyote mtandaoni kimoja kimoja.

Kunakili mafaili pembeni kwanza? Niliona ni kupoteza muda. Hapo ndipo pa kunitukana, wakuu, nimewawekea alama.

Ilishafika zaidi ya nusu. Jioni ikaingia, na mbingu ya upande wa mlima wa volkano ikawa nyekundu.

Mbio za siku ile sitazieleza. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo wameona video. Niseme tu kwamba nilichomoa laptop ya mzee nikaitia mgongoni, kompyuta yangu ya mezani nikaiacha, nikafuata watu.

Lava ilisimama kabla haijafika katikati ya mji. Tukarudi, lakini ardhi iliendelea kutetemeka mchana kutwa, kuta zikapasuka, fibre ikafa. Kisha ikatangazwa watu wahame. Wengi walielekea Sake. Mimi nilikuwa na mama upande wa pili, kwa hiyo nilivuka lava pale ilipokata barabara ya Rutshuru, kwa miguu, soli za viatu zikinuka. Laptop nilikuwa nimeihamishia kifuani.

Nilipofika kwa mama, nani amekaa kwenye kiti cha mlangoni ananisubiri? Papa Bahati. Alikuja kujua kama niko mzima. Aliniuliza mimi kwanza, kompyuta baadaye. Hilo lilinikata maini zaidi.

"Papa, nilifanya fote," nikamwambia, yaani kosa. "Nilifuta ya zamani, na mupya haikumaliza kuingia."

"Na mipaka?"

"Iko ndani. Sina kitu ya kuifungulia."

Akatazama nje kama kuna mtu anapita.

"Batu bakijua, kesho miyenzi itatembea," alisema. "Usiseme na mutu."

Mzee alikuwa sahihi. Kijiji kilijaa ndugu waliokimbia mji, wengine wanaomba pa kulima, na kilichowafanya watu waheshimu mpaka ni kujua kwamba picha ipo. Ikisikika haipo, kazi ya miaka ya mzee inaisha kwa wiki moja.

Najua wataalamu wa humu mmeshaanza kuandika: si ungechomoa diski ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine? Kompyuta ipi, mkuu? Kibumba nzima wakati ule sikuona nyingine. Kudownload kwa simu? Mtandao ulikuwa unatosha kutuma neno "niko salama", nalo linafika kesho yake. Flash yangu bila intaneti ilikuwa plastiki.

Mama alikuwa anamenya viazi, anatusikiliza.

"Ile CD zako," akasema, "hakuna yenye inaweza kusaidia?"

Nilitoka mbio kwenda shambani.

Hebu nioneni: mtu mzima anapita katikati ya mtama, anakamata CD moja moja na kuinusa kama anachagua parachichi. Sikuweza kusoma kitu, maandishi yote yalikuwa ndani, yamebandikwa. Na kuzibandua kwa nguvu haifai. Wengi hawajui kwamba data inakaa chini tu ya upande ule wa maandishi. Ukichuna hapo, umechuna kila kitu.

Tulizikata zote kwenye kamba zake. Mama akachemsha maji, akayapoza mpaka ya kuogeshea mtoto, akazitumbukiza ndani ya beseni kubwa. Nta ikaanza kulainika, uji wa muhogo ukaachia taratibu.

Jirani yetu Mama Noella, ambaye shamba lake linapakana na la mama, akapita akaona.

"Unaosha nini?"

"Ninaosha vyombo ya mutoto wangu."

"Na ndege?"

"Ndege zikule kidogo. Leo njo siku yao."

Mama Noella akacheka akaenda zake. Mama hakugeuza hata uso. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia.

Umeme tulipata kwa kwaya. Mama ni mwimbaji, na kwaya ina betri ya kinanda chao. Waliniazima kwa sharti moja, irudi kabla ya ibada ya Jumapili. Tukajifungia ndani, mimi, mama na Papa Bahati, tukaanza kuingiza CD.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kompyuta ilikoroma ikakataa. Ya tatu ilisomeka, ikawa nyimbo za harusi ya mtu. CD nilizochoma mwenyewe karibu zote zilikuwa zimekufa, jua linaua rangi yake. Papa Bahati alikuwa anazipokea zilizoshindwa na kuzipanga kwa utaratibu, kama bado zina kazi.

Iliyotuokoa haikuwa ya kuchoma. Ilikuwa ya kiwandani, ilikuja na kompyuta ya mteja mmoja zamani. Hizo zinavumilia jua. Ilikuwa na mikwaruzo, nikaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba, kutoka katikati kwenda nje. Ikagoma. Nikasugua tena. Ikaanza kuzunguka, na kioo kikatoa yale maandishi ya kukaribisha ambayo miaka yote nilikuwa nayaruka bila kuyasoma.

Mfumo wenyewe ulikuwa mkongwe kuliko ule niliofuta. Mzee alileta kompyuta ipandishwe darasa, nikamrudishia imeshushwa mawili. Hakulalamika. Nilipofungua folda akaona majina, alitaka picha moja tu, ya kwanza aliyowahi kupiga. Ikafunguka. Akavua kofia, akafuta macho, akaomba maji ya kunywa.

Mimi nilijisikia vibaya kabisa, wakuu. Mtu amenipa kitu cha watu wote, nami nimekichezea kwa sababu ya chai na fibre.

Flash ileile ya installer nikaifuta, nikanakili mafaili yote humo, nikamwachia mzee. Kopi nyingine nikaweka kwenye kadi ya simu yangu. Betri ya kwaya ilirudi Jumamosi mchana. Niliporudi Himbi na fibre ikafufuka, nikapandisha kila kitu mtandaoni, nikampa Papa Bahati neno la siri, akaliandika ndani ya Biblia yake.

Miyenzi haikutembea. Watu hawakujua lolote mpaka leo hii ninavyoandika, na naandika kwa ruhusa ya mzee.

Baadaye vita vikarudi, mnajua. Waasi walifika Kibumba na watu wakashuka Goma na magodoro kichwani. Laptop ya ushirika ilibaki kule. Flash sijui iko mfukoni mwa nani. Papa Bahati aliishi kambini chini ya turubai, na bado majirani walikuwa wanamfuata kuuliza, "Picha yetu iko?" Anawaambia iko. Ananipigia, nashusha kwa simu, namtumia.

Mama nilimleta Himbi. Hakupenda mji. Alikuwa anaamka anatafuta jembe. Presha ilimsumbua miezi michache, kisha akafariki hospitali, mkono wake uko kwenye wangu. Hakurudi Kibumba.

Kanisa likaniomba picha yake ya kuweka kwenye karatasi ya ibada.

Sikuwa nayo. Fundi wa kompyuta mzima, sikuwa na picha hata moja ya mama yangu. Zilikuwa kwenye simu ya zamani, niliyoporwa siku za kukimbia vita. Nilikaa kwenye kile chumba changu chenye meza mbili nikalia kama mtoto.

Papa Bahati alikuja kutoa pole, amevaa koti lake. Nilipomwambia, alishangaa kwamba sijui.

"Mama yako iko ku mipaka," alisema.

Sikuwahi kufungua folda ile hadi mwisho. Niliifungua. Mama amesimama shambani kwake, kavaa kitenge cha kwaya kwa sababu alisikia anapigwa picha, mkono mmoja umeshika muyenzi, anatazama kamera kwa ukali kidogo, kama anasema hapa ndipo pangu. Pembeni yake ni Mama Noella, naye ameshika.

Ndiyo picha tuliyomzika nayo. Watu waliniuliza kwa nini sikumkata yule jirani kwenye picha. Niliwaambia mama angegomba.

Sasa kuhusu CD na kudownload, mimi siko upande wowote tena. Nadownload kila siku, na nina pochi mpya ya CD za kiwandani, kabatini, mbali na jua. Ninachokataa ni kufuta cha zamani kabla cha kupokea nafasi yake hakijawa mkononi, na kugusa kompyuta ya mtu kabla sijanakili vilivyomo. Mteja akisema ana haraka, namwambia aende kwa mwingine.

Karibuni mtoe yenu: nani amewahi kukatikiwa na mtandao katikati ya update, na ulijinasuaje? Matusi pia napokea, nimeshaonyesha mahali pake.

Ila kama picha za mzazi wako ziko kwenye simu moja tu, usinijibu sasa. Nenda kazinakili kwanza.